Makaburi ya Sanga: Historia Iliyolala Kando ya Ziwa Kisale



Wengi wetu tuliosoma katika shule za Katanga tulifundishwa historia ya inchi yetu kwa njia moja. Kitabu kilianza na Diogo Cão, Mreno aliyefika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482. Kisha kiliruka miaka mingi mpaka Stanley, na toka Stanley mpaka reli na migodi. Katikati palikuwa pengo. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alifundisha yaliyoandikwa, na yale yasiyoandikwa alidhani hayakutokea.

Jioni, nyumbani, tulisikia historia nyingine. Wazee wa Baluba walisimulia habari za Nkongolo, mfalme mwekundu aliyekuwa mkali. Za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki mwenye adabu ya kifalme, asiyekula mbele ya watu. Na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo akashika utawala. Historia hii ilikuwa na watu, vita na sheria, lakini haikuwa na miaka. Walioandika vitabu wakati wa ukoloni walitaka kuipa miaka. Walihesabu majina ya wafalme, wakamkadiria kila mmoja muda wa kutawala, na wengi wao wakafika kwenye karne ya 15 au ya 16. Nyuma ya hapo, walisema, hakuna kinachojulikana.

Basi historia hizo mbili, ile ya kitabu na ile ya moto wa jioni, zilikaa kama majirani wasiosalimiana. Leo tunapenda kuwaeleza namna udongo wa ziwa Kisale ulivyoleta ushahidi wa tatu, na namna ushahidi huo ulivyowalazimisha watu wa elimu kubadili maneno yao, tena si mara moja.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Mto Lualaba ukiisha kutoka katika inchi ya juu ya kusini huingia katika bonde pana linaloitwa Upemba. Hapo maji hutawanyika na kufanya maziwa mengi: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo, na kati yake mabwawa ya mafunjo yasiyo na mwisho. Samaki ni wengi. Kila aliyepita Bukama anajua harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi, na vikapu vinavyongoja kusafirishwa kwenda miji ya migodi. Lakini inchi kavu, ile isiyofunikwa na maji wakati wa mafuriko, ni kidogo. Kwa hiyo watu hujenga palepale walipojenga babu zao, na babu za babu zao. Sanga ni mahali pa namna hiyo, kwenye ukingo wa ziwa Kisale.

Mwaka 1957 Jacques Nenquin wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na Jean Hiernaux, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu kilichofunguliwa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1956, walianza kuchimbua Sanga. Mwaka 1958 Hiernaux alirudi huko na wenzake. Hawakutafuta dhahabu. Walitoa udongo polepole kwa visu vidogo na brashi, wakachora kila kitu mahali kilipolala kabla ya kukigusa. Wakaona kwamba wamesimama juu ya makaburi mengi, mengine yamechimbwa juu ya mengine, maana waliokuja nyuma hawakujua tena wa mbele wamelala wapi. Pamoja na makaburi yaliyofunguliwa baadaye, Sanga peke yake imetoa zaidi ya makaburi 150.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Tulipoeleza habari hizi siku moja baada ya Misa, mzee mmoja alituuliza kwa uchungu: “Ninyi Wakristo mnawaombea marehemu kila mwaka mwezi wa kumi na moja, na hapohapo mnafurahi mifupa ya watu ikitolewa kaburini?” Swali lake ni la haki, nasi hatukulipuuza. Tulimkumbusha kwamba Baba Mtakatifu Pio XII mwenyewe aliruhusu kuchimbua chini ya altare kuu ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Kazi ile ilifanyika toka mwaka 1940 mpaka 1949, wakakuta makaburi ya Waroma wa zamani, Wakristo na wapagani, na mwishoni mwa mwaka 1950 Papa akatangaza habari ya kaburi la Mtume. Kumchimbua marehemu kwa heshima, ili kumfahamu, si sawa na kumwibia. Mzee alitikisa kichwa. Alisema: “Basi wakiisha kumfahamu, wamrudishe.” Neno lake bado tunalo moyoni, maana mifupa na vyombo vingi vilivyotoka huko havikurudi Kisale.

Sasa tuingie kaburini. Marehemu wa zamani zile za Kisale alilazwa mara nyingi chali, na vyungu vimepangwa kumzunguka. Vyungu vyenyewe si vya haraka. Vina tako la mviringo, midomo iliyokunjwa ndani, mistari iliyochorwa kwa ustadi. Vingi havikuonyesha dalili ya kutumika jikoni, kana kwamba vilifinyangwa kwa ajili ya maziko tu. Na hapa kuna jambo lililotugusa kuliko yote: mtoto alipokufa, alizikwa na vyungu vidogo vidogo, vilivyopimwa kwa umri wake. Kitoto kilipewa vyombo vya kitoto. Tunaomba msomaji aliyepata kuzika mtoto afikiri juu ya mama yule wa Kisale, ambaye hatutajua jina lake kamwe, aliyekwenda kwa mfinyanzi na kumwomba chungu cha kutosha mkono mdogo.

Pamoja na vyungu walikuta ndoana na vyusa vya kuvulia samaki, mashoka, majembe, mikuki, vyote vya chuma. Walikuta pembe za ndovu zilizochongwa. Walikuta mifupa ya mbuzi na kuku na samaki, yaani chakula cha safari ya marehemu. Katika makaburi mengine kulikuwa na majiko ya udongo yenye pembe tatu za kutegemeza chungu, mfano wa mbabula zetu, ambayo mvuvi aliweza kuyachukua ndani ya mtumbwi. Na walikuta shaba: bangili, mikufu, mikanda, minyororo iliyosokotwa nyembamba sana, kazi ambayo fundi wa leo angeitazama mara mbili.

Shaba! Kando ya ziwa Kisale hakuna shaba. Migodi iko kusini, zaidi ya kilometa 200. Basi watu wale walikuwa na biashara. Walitoa nini? Kaburi halisemi, kwa maana kilichouzwa hakibaki kaburini. Lakini anayejua bonde lile atajibu upesi: samaki mkavu, ambaye mpaka leo anapanda kwenda kusini kulisha watu wa migodi. Tena katika makaburi machache kulikuwa na simbi za Bahari ya Hindi. Hatusemi kwamba mtu wa Kisale alipata kuiona bahari. Simbi zilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, mpaka zikafika shingoni mwa mtu aliyezaliwa katikati ya bara.

Lakini yote hayo yalikuwa ya wakati gani? Hilo ndilo lililoleta mshangao. Mwaka 1949 Willard Libby wa Marekani na wenzake walionyesha njia mpya ya kupima umri wa vitu vya kale, na mwaka 1960 Libby alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Njia yenyewe ni hii. Kila mti na kila mnyama, akiwa hai, huingiza mwilini kaboni ya hewani. Sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo, inayoitwa kaboni 14, huyeyuka polepole. Kiumbe akifa haingizi tena, na ile aliyo nayo inapungua: baada ya miaka karibu 5,730 imebaki nusu. Kwa hiyo kipande cha makaa au cha mfupa kinaweza kupimwa, na kilichobaki hutuambia takribani ni miaka mingapi toka mti ulipokatwa au mtu alipofariki.

Makaa ya Sanga yalipopimwa mara ya kwanza, majibu yalitoka karne ya 8 na ya 9 baada ya Kristo. Wakati ule Karolo Mkuu alikuwa akitawala Ulaya. Mashaka ya vipimo yalikuwa makubwa bado, miaka mia na zaidi huku na huku. Hata hivyo hapakuwa tena njia ya kuwaleta wafu wale karibu na karne ya 16. Karne nyingi kabla ya mwaka ambao vitabu viliweka mwanzo wa Baluba, palikuwa kando ya Kisale na wahunzi, wafinyanzi, wavuvi, wafanya biashara, na watu wakubwa waliozikwa kwa fahari kuliko wengine.

Msomaji atadhani sasa kazi imekwisha. Hapana. Wachimbuaji wa kwanza walikuwa wameona vyungu vya namna tatu mbalimbali, wakavipa majina matatu, nao walidhani vimetumika karibu wakati mmoja. Kwa hiyo walifikiri habari za watu wa aina tatu waliokaa pamoja kando ya ziwa moja, kila aina na vyungu vyake. Fikira hiyo ilikuwa rahisi kuingia kichwani, maana wakati wa ukoloni kila kitu kilipangwa kwa makabila: kabila moja, desturi moja, chungu kimoja.

Mwaka 1974 akaja Mbelgiji mwingine, Pierre de Maret. Alichimbua tena Sanga, na pia Katongo. Mwaka 1975 akaendelea Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Ukijumlisha na Katoto, palipochimbuliwa na Hiernaux mwaka 1959, makaburi yaliyofunguliwa katika bonde yamepita 250. De Maret alipima makaa na mifupa mara nyingi sana, akatazama kwa uangalifu kaburi gani limekata jingine. Akaona kwamba vyungu vile havikuwa vya watu waliokaa bega kwa bega. Vilifuatana. Wa kwanza walikuwako karibu na karne ya 6 na ya 7. Toka karne ya 8 mpaka ya 13 ulikuwa wakati aliouita wa Kisale. Toka karne ya 13 mpaka ya 18 wakati wa Kabamba. Na baada yake ni Baluba kama wanavyojulikana katika historia. Kinachoonekana ni watu waliobaki mahali pao miaka zaidi ya elfu, wakibadilika kidogo kidogo, wakipokea mageni na kuacha ya zamani. Walioonekana kuwa makabila matatu walikuwa babu, mwana na mjukuu.

Tumekuja sasa kwenye jambo ambalo wasomaji wetu hutuuliza mara kwa mara: habari ya misalaba ya shaba. Kila mtu wa Katanga anaijua. Iliwekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960 na katika feza zake za mwaka 1961. Na ni kweli kwamba katika makaburi ya wakati wa Kabamba, wafu wengi wamekutwa na msalaba wa shaba, na katika makaburi ya kwanza ya wakati huo mara nyingi umewekwa juu ya kifua.

Msalaba juu ya kifua cha marehemu! Tunafahamu vema furaha ya Mkristo anaposikia hivyo. Tumekwisha kusikia wakisema kwamba Injili ilifika Katanga kabla ya Mapadri, au kwamba wafuasi wa wafalme Wakristo wa Kongo walipita huku. Lakini hesabu inakataa. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, mbali sana huko magharibi. Na misalaba ya kwanza ya bonde la Upemba ni ya karne ya 13 na ya 14. Tena umbo lake si la msalaba wa Bwana wetu: mikono yake minne ni karibu sawa, imelala kama herufi X. Tusiwabatize wafu kwa nguvu, wapenzi. Wana heshima yao bila sisi kuwaazima ya kwetu.

Basi ulikuwa nini? Hapa makaburi yenyewe yanajibu, kwa sababu yamepangwa kwa nyakati. Mwanzoni misalaba ni mikubwa na michache. Ni ya kifua, ni ya mtu mwenye mali au cheo. Kadiri miaka inavyopita, inazidi kuwa midogo na kuwa mingi. Haikai tena kifuani, bali karibu na mikono au kiunoni, pengine imefungwa pamoja. Na vipimo vyake vinafanana zaidi na zaidi. Mwenye akili ya soko ameisha kuelewa. Kitu ambacho kwanza kilikuwa utajiri wa kuonyesha kimekuwa kitu cha kuhesabu: yaani feza. Marehemu amezikwa na mfuko wake kiunoni. Tunaona hapa, kwa macho, watu wakibuni feza yao wenyewe, bila mfalme wa ng’ambo wala benki, na hatujui inchi nyingi duniani ambapo jambo hilo linaonekana wazi namna hii.

Kumbe waliotengeneza misalaba walikuwa mbali, kule kusini kwenye mawe ya kijani. Watu wa kazi ile waliitwa “walaji wa shaba”, maana shaba ndiyo iliyowalisha. Askofu de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga miaka mingi, aliandika habari zao mwaka 1926, wakati wazee walioyeyusha shaba kwa mikono yao walikuwa bado hai. Tunashukuru aliandika. Na siku hizi wataalamu wanapima madini ya risasi yaliyochanganyika kidogo sana ndani ya shaba, kwa sababu kila mgodi una alama yake. Wabelgiji Frederik Rademakers, Nicolas Nikis na wenzao walitoa mwaka 2019 vipimo vya kwanza vya namna hiyo juu ya misalaba ya Afrika ya Kati. Hivyo msalaba uliozikwa unaanza kutaja mahali ulipozaliwa.

Tumesema juu ya udongo. Je, wazee wa moto wa jioni walikosea? Tazameni jambo hili. Huko Kamilamba de Maret alifungua kaburi la mwanzo wa wakati wa Kisale. Marehemu alikuwa na shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake fuawe ya chuma. Mtu asiyejua desturi za Baluba angesema: huyu alikuwa mhunzi, basi. Lakini Baluba husimulia kwamba Kalala Ilunga ndiye aliyewaletea uhunzi wa kweli. Mfalme wao alipotawazwa, magoti yake yalipigwa kama fuawe inavyopigwa, na ibada hiyo iliitwa “kupiga nyundo”, maana katika Kiluba nyundo ni fuawe pia. Wakubwa na waganga walivaa nyweleni vijiti vya chuma vyenye umbo la fuawe ndogo. Shoka la misumari nalo ni alama ya watawala mpaka wakati wetu.

Hatusemi kwamba mtu wa Kamilamba alikuwa mfalme, wala kwamba alikuwa Kalala Ilunga. Kaburi halina jina. Tunasema tu kwamba alama za utawala ambazo wazee walizitaja zilikuwa zimekwisha kulazwa karibu na kichwa cha mtu miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Bila udongo, tusingalijua ukale wake. Bila wazee, tungaliona kipande cha chuma tu. De Maret mwenyewe aliuliza wenyeji, akasoma masimulizi, ndipo akaandika. Kwa upande wetu tunaona ni kosa kubwa la vitabu vile vya zamani kwamba vilichukua ukimya wa karatasi kuwa ukimya wa watu.

Liko bado pengo moja, na si dogo. Karibu yote tuliyoeleza yametoka kwa wafu. Nyumba za walio hai, jiko lao, shamba lao, uwanja wa mtemi wao, hayo hayajaonekana, maana yako chini ya vijiji vya leo, katika ile inchi kavu kidogo isiyofikwa na maji. Watu wamejenga juu yake na wanalima juu yake. Mara kwa mara mtu anayechimba msingi wa nyumba au choo anagonga chungu. Mwingine anakivunja akitafuta mali ndani. Mwingine anakiuza kwa mpita njia, na kikiisha kutoka mahali pake hakuna mtaalamu awezaye kujua kililala na nani na kwa wakati gani. Aliyekutana na kitu cha namna hiyo akiache kilivyolala, akifunike, amwambie mkubwa wa kijiji au katekista, na habari ipelekwe kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi. Na kama pana mzee karibu, aulizwe kwanza jina la mahali pale, na kwa nini pakaitwa hivyo.